Mwanamke Asiyekula

Jumatatu, 7 Julai

Sura ya nne. Kurasa chache tu leo. Chai ilipoa mezani, Mama akaipasha, ikapoa tena, mwishowe akainywa mwenyewe.

Kazi ni ile ile. Riwaya ya Kifaransa ya karne ya kumi na tisa, naigeuza Kiswahili kwa ajili ya shule za sekondari. Niliichukua kabla mume wangu Idi hajafa. Ningeirudisha, hakuna ambaye angenilaumu. Sikuirudisha. Mwenye eda hatoki hovyo, na kuandika hakuhitaji kutoka.

Msichana wa kitabuni anaitwa Odile. Yatima, analelewa na mjomba wake katika mji mdogo wa mvua. Mpaka sasa amekaa dirishani. Basi. Sura nne nzima, amekaa dirishani. Mwandishi ameeleza shingo yake, vidole vyake, kope zake, mwanga unavyomwangukia shavuni. Anawaza nini, sijui. Nadhani mwandishi naye hajui.

Mimi pia nimekaa dirishani. Gauni la kahawia, mtandio mweupe, hakuna wanja, hakuna hina, hakuna manukato. Nje vumbi la kiangazi limetanda mtaa wetu wote wa Biryogo. Cherehani za majirani zinaunguruma tangu asubuhi. Ya Idi imefunikwa shuka.

Sihisi kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumatano, 9 Julai

Kila alasiri namsomea Mama nilichotafsiri. Mama ni mama yake Idi, lakini miaka yote hii sijamwita jina jingine. Tumebaki wawili nyumbani. Mimi na Idi hatukujaliwa watoto. Macho ya Mama hayaoni herufi tena, ila masikio yamebaki makali. Sentensi ikikaa vibaya anakunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye wali. Nami narekebisha.

Leo amenikatiza. "Huyu msichana hali?"

Nikamwambia mwandishi hakutaja.

"Sura nne! Anamimina chai, anawaandalia wanaume, yeye hagusi hata mkate. Mgonjwa?"

Nimerudi nyuma kurasa zote. Kweli. Wanaume wanakula bata, wanakula jibini, mpaka mchuzi umeelezwa rangi yake. Odile hajatia kitu mdomoni.

Mama akasema mwandishi huyo lazima hakulelewa na mama. Nilitaka kucheka. Kicheko hakikutoka.

Jumamosi, 12 Julai

Wageni. Wanawake wa mtaani, wale wale. Wamekaa mkekani, wamekunywa chai, wamenitazama. Mashallah, ametulia. Subira gani hii. Mwanamke wa kweli huonekana msibani. Wanayasema mbele yangu, kana kwamba mimi ni picha ya ukutani.

Sina subira. Nina ganzi, kama mguu uliokaliwa. Hakuna anayeuliza, kwa hiyo hakuna anayejua tofauti.

Idi angeuliza. Fundi cherehani yule, macho yake yalikuwa tepu tupu. Nikipungua kidogo tu ananizungushia mkono kiunoni, anasema, Salma, gauni hili lilikukaa mwezi jana, kulikoni? Unaumwa? Huli? Mwandishi wa kitabu changu amesifia kiuno cha Odile kurasa mbili. Swali hilo halijamjia hata mara moja.

Alhamisi, 17 Julai

Shemeji Hamisi alipita. Mdogo wake Idi. Anauza mahindi kwa jumla sokoni Nyabugogo, anakaa mbali, Kicukiro, yeye na mkewe waliachana zamani. Alileta maparachichi. Hakuingia, si heshima kuingia kwa mwenye eda. Alisimama kizingitini akazungumza na Mama kwa sauti kubwa ili mimi nisikie: mahindi yamepanda, barabara ina foleni, goti lake linamsumbua. Si mtu mbaya Hamisi. Hajawahi kuwa mtu mbaya. Ukizungumza naye ni kama kula ugali bila mboga, unashiba lakini hukumbuki ulikula nini.

Maparachichi mazuri. Mama kala moja na chumvi. Mimi baadaye.

Jumamosi, 26 Julai

Asha alikuja. Wifi yangu, dada yake Idi na Hamisi, na kabla hajawa wifi alikuwa shoga yangu wa madrasa. Tulikaa mkeka mmoja, tukachapwa na mwalimu mmoja.

Mwenye eda haposwi waziwazi. Fumbo limeruhusiwa, na kwa mafumbo Asha hajambo. Alianza mbali. Nyumba hii na upweke wake. Mama na uzee wake. Kisha akasema, "Hamisi naye, wifi, amechoka kula hotelini. Mungu ana mipango yake. Nyie wawili si wageni."

Nilikuwa namtazama sisimizi kwenye kopo la sukari. Alipanda, akateleza, akapanda. Nilielewa maneno ya Asha vizuri kabisa. Yalipita mbele yangu kama basi la watu wengine.

Sikusema neno. Nilimwongezea chai.

Asha akasimama, uso umemchanua, akanibusu mashavu yote mawili. Mama alikuwa akinitazama. Alifumba macho akasema alhamdulillahi, polepole, kama anayetua mzigo.

Jumapili, 27 Julai

Sura ya saba. Odile anashona. Mvua.

Jumatano, 6 Agosti

Kayitesi amepiga simu. Mhariri wangu, kijana, amekulia Kampala, Kiswahili chake cha haraka haraka. "Mwalimu, nimesoma muhtasari. Mwisho iko na huzuni sana. Tunaweza badilisha? Wasichana wetu wanataka mwanamke mwenye nguvu."

Nikamwambia Odile nimemkuta anakufa, si mimi niliyemuua, na sitamfufua. Halafu akasema basi niandike utangulizi. Wanawake katika riwaya za karne ile, walivyochorwa, kurasa mbili tatu, lugha nyepesi. Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu, ni neno fupi.

Nimejaribu jioni kabla ya magharibi. Haya ndiyo yaliyotoka:

Katika riwaya nyingi za wakati ule mwanamke ni wa aina mbili. Mwema anakaa ndani. Mbaya anatoka. Mwema anakufa kwa kifua, amelala, nywele zimetandazwa vizuri. Mbaya anakufa kwa aibu. Wote wawili wanakufa ili mwanamume ajifunze jambo.

Nikafuta. Nikaandika tena vile vile.

Jumatatu, 11 Agosti

Sura ya kumi. Mwenye kinu cha unga amekuja kumposa Odile. Mtu mzima, tajiri, viatu vinang'aa. Wajumbe wote ni wanaume. Mjomba yupo, kasisi yupo, saa ya ukutani ipo. Wanamweleza Odile faida zote. Halafu wanamwangalia.

Nikafika kwenye sentensi. Nimeigeuza hivi: Odile hakusema neno, aliinamisha macho, na kimya chake kikawa jibu.

Kalamu ikasimama. Sijui ilisimama kwa muda gani. Mama aliniita mara mbili kwamba maharage yanaungua, na kweli yaliungua.

Alasiri nikamsomea. Mama akatikisa kichwa, ameridhika. Haya, amekubali. Nikamuuliza, amekubali saa ngapi? Akasema, si amenyamaza? Nikasema labda alikuwa anatazama sisimizi. Mama akageuza uso kunielekea, akanitazama kwa yale macho yasiyoona vizuri, muda mrefu. Akasema niweke maji ya udhu.

Jumanne, 12 Agosti

Baridi kifuani. Si ugonjwa. Ni sentensi ile.

Ijumaa, 22 Agosti

Leo nimepewa hongera.

Jirani anayeuza vitenge alipita dirishani baada ya swala ya Ijumaa. Hongera Mwalimu, Mungu amekufuta machozi, bora mtu wa nyumbani kuliko mgeni. Nikamwambia asante. Nilimwambia asante! Alishapiga kona ndipo nilipoelewa nilichoshukuru.

Kisha simu. Kaka yangu kutoka Rusizi. Asha amempigia, amemweleza yote. Kaka akasema, wanasema umeridhia, na kama mwenyewe umeridhia mimi sina neno, eda ikiisha nitakuja. Nikasema nimesikia. Akafurahi. Tukaagana.

Nimesikia. Mjinga mimi. Mtu wa lugha mbili tatu, nimekosa neno moja.

Nimekaa na jambo hili mpaka alasiri likanijia, na limenijia kwa sauti ya mwalimu wetu wa madrasa, yule wa fimbo. Bikra akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni idhini, kwa sababu ya haya. Mwanamke aliyekwisha kuolewa haya hiyo imeshamtoka. Yeye lazima atamke kwa ulimi wake. Tulikariri. Watoto wote wa mtaa huu wanalijua. Asha alikaa mbele yangu, alikuwa anasuka ukindu wa mkeka huku anakariri.

Kwa hiyo wamenipa kimya cha bikra. Nina miaka arobaini na sita.

Kesho namwambia Mama. Sikubali, nitamwambia, na Asha awaambie watu.

Jumamosi, 23 Agosti

Sikumwambia.

Nilikaa karibu yake, nikaanza, Mama, habari hii ya Hamisi. Akanidaka hapo hapo. Akanishika mkono. Akasema hajapata usingizi mzuri tangu Idi afe mpaka siku ile Asha alipokuja. Anaogopa. Mimi nikiondoka, yeye atapelekwa Kicukiro, ghorofani kwa Hamisi, ngazi na uzee wake, hamjui mtu huko. Anataka kufa hapa, anaposikia adhana ya msikiti huu huu. "Ukiwa mke wa Hamisi unabaki mkwe wangu. Usipokuwa, mimi na wewe ni nani?"

Idi ndiye aliyekuwa uzi.

Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote hajaniambia. Idi na Hamisi si baba mmoja. Baba yake Idi alikufa Idi akiwa ananyonya, na eda ilipoisha Mama akapewa ndugu wa marehemu. Huyo ndiye baba yao Hamisi na Asha. Nilimjua mzee yule. Nilidhani ni baba yao wote.

Nikauliza, walikuuliza?

Waliniuliza. Nilinyamaza.

Ulimtaka?

Nje mtu aliita muuza maziwa. Halafu Mama akasema, nilikuwa nimechoka.

Alianza kutafuta tasbihi yake, ilikuwa mapajani. Nikamwekea mkononi. Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa.

Jumatatu, 25 Agosti

Odile kaolewa. Nyumba kubwa zaidi, dirisha kubwa zaidi.

Mama hataki kusomewa leo. Kichwa, anasema.

Jumatano, 3 Septemba

Hamisi amekuja na seremala. Wamepima chumba cha mbele, karakana ya Idi. Kitakuwa sebule. Sebule nzuri yenye kochi, watu wakija wasikae mkekani. Mimi nilikuwa chumbani, mlango umerudishwa, nasikia tepu ikivutwa na kuachiwa. Nilidhani ni Idi. Kwa pumzi moja tu, nilidhani ni Idi.

Wakasogeza cherehani. Inatoa mlio mguu wake wa kushoto ukiburuzwa sakafuni, naujua. Shuka wakaitupa kando.

Halafu Hamisi akamuuliza Mama, shemeji anapenda rangi gani ukutani?

Alimuuliza Mama. Ukuta kati yetu si mnene kuliko kiganja. Angeniita tu, ningemjibu kupitia mlangoni, hakuna dhambi katika rangi ya ukuta.

Mama akasema kijani.

Siipendi kijani. Sijawahi kuipenda. Idi ndiye aliyeipenda, na mimi nilivaa kijani miaka yote kwa sababu yeye ndiye aliyeshona.

Nimekasirika. Naandika kwa herufi kubwa moyoni: NIMEKASIRIKA. Kitu cha kwanza kunijia tangu Idi afe mwezi Mei, na kimekuja kwa sababu ya rangi. Mtume! Nilisimama nyuma ya mlango, nimeshika kitasa, na bado sikufungua.

Walipoondoka nikarudisha shuka juu ya cherehani. Mvua ya kwanza imenyesha jioni. Vumbi limekaa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimejaribu mara mbili kumwambia Mama. Mara ya kwanza alikuwa anasali. Mara ya pili alikuwa anacheka na mtu kwenye simu, anamwambia, mkwe wangu habanduki, huyu ni wangu. Hajacheka hivyo muda mrefu.

Nikimkataa Hamisi nampoteza Mama. Nikimkubali nabaki na Mama, na mimi mwenyewe sipo. Hakuna hesabu nyingine, nimeigeuza huku na huku.

Asha ameleta habari kwamba wanawake watakuja Ijumaa ya tarehe kumi na tisa kunitoa eda. Na kwamba baada ya dua kutakuwa na tangazo dogo. Kadogo tu, wifi. Usihangaike na kitu chochote, wewe kaa tu.

Kaa tu. Kazi ninayoijua.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemaliza kitabu. Odile amekufa.

Homa. Gauni jeupe. Mume yuko upande huu wa kitanda, na mwalimu wa muziki ambaye hakumgusa hata kidole yuko upande ule, wote wanalia, na yeye ni mzuri kuliko alivyokuwa mzima. Mwandishi amesema hivyo, mzuri kuliko alivyokuwa mzima. Mtumishi anamletea kijiko cha supu. Chakula cha kwanza kitabu kizima. Anageuza uso.

Neno lake la mwisho ni jina la mumewe. Sura nzima sikumwona akiulizwa anaumwa wapi.

Mama amesikiliza mpaka karibu na mwisho, nilipofika kwenye supu akanyanyua mkono, basi, inatosha, sitaki. Kurasa mbili za mwisho hakuzisikia. Akakaa. Akasema, mpumbavu. Sijui alimkusudia nani.

Nimemalizia utangulizi kwa mistari hii: Msichana unayesoma, mwandishi huyu ni hodari, mwache akupeleke anakotaka. Ila kila Odile anapoingia chumbani, tazama kama kuna aliyemuuliza kitu, na kama alingoja jibu.

Kayitesi amejibu upesi. Utangulizi iko mkali, Mwalimu. Lakini tutauacha hivyo hivyo.

Alhamisi, 18 Septemba

Kaka amefika kutoka Rusizi. Analala kwa rafiki yake mtaa wa pili. Kesho.

Mama ameninyooshea kanga mpya yeye mwenyewe, pasi ya mkaa, hataki kusaidiwa. Ananong'ona kasida. Mungu wangu.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika haraka kabla sijapotoa kitu.

Walikuja baada ya swala. Wameniogesha, wamenifukiza ubani, wamenivalisha. Harufu ya udi baada ya miezi yote ile ilinipanda kichwani kama pombe. Chumba kimejaa, watoto wamefukuzwa, pilau inanukia uani. Wanaume nje kwenye viti, Hamisi na kaka miongoni mwao, dirisha wazi. Dua ikasomwa. Nikalia kidogo kwenye jina la Idi, machozi mawili matatu, wakaona, wakafurahi.

Kisha Asha akasimama na kitenge. Cha kijani. Kutoka kwa nani, mnajua wenyewe, akasema, na mwenyewe ameridhia tangu zamani, alhamdulillahi, nyumba haijavunjika.

Vigelegele.

Nikasema hapana. Hakuna aliyesikia. Nilisema ndani ya vigelegele, mdomo ukafunguka ukafungika, na mwanamke aliye karibu yangu akanikumbatia akidhani nashukuru. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Nikaona ningeweza kupita hivi hivi, mzimamzima, mpaka kitandani kwa mtu.

Nikangoja. Vigelegele vina mwisho, pumzi huisha. Vilipokatika nikasimama. Nikasema, sijaulizwa, na sijakubali. Hapana. Kisha kwa Kinyarwanda pia, oya, kwa ajili ya majirani ambao si wa Kiswahili, mtu asije akasema hakuelewa.

Asha ameshika kitenge hewani. "Lakini wifi, ulinyamaza."

"Mimi si bikra, Asha. Tulisoma pamoja."

Bibi mmoja kule pembeni aliangua kicheko, akajiziba mdomo na kanga. Wengine wakatazama mikeka. Asha akakunja kitenge, pindo kwa pindo, mikono yake inafanana na ya Idi. Akasema, umetuaibisha. Ni kweli, nimewaaibisha. Nilimwambia nisamehe kwa aibu, kwa jibu usinisamehe.

Kupitia dirishani nilimsikia Hamisi. Alisema, kumbe. Neno hilo tu. Kisha akamwambia kaka yangu kwa upole kwamba angejua asingeleta seremala. Namwamini. Hakuna aliyemwambia ukweli kwa sababu hakuna aliyekuwa nao isipokuwa mimi.

Mama hakunitazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, tasbihi haisogei. Pilau ililiwa kimya kimya. Sahani yangu nilipewa, sikujua wapi niliiweka.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama ameondoka.

Hamisi alikuja na gari asubuhi. Alinisalimia, akatazama viatu vyake. Mama alichukua kanga zake, redio, mswala. Nilitaka kumfungia mzigo, akaninyang'anya kamba mkononi. Hana fundo zuri siku hizi, vidole haviwezi. Lilifunguka hapo hapo mlangoni, kanga zikamwagika, akainama kuokota mwenyewe, na mimi nimesimama.

Nikamwambia, Mama, hii ni nyumba yako. Baki. Mimi si mkwe wako, sawa, niite jina lolote.

Hakujibu. Kimya chake sikukitafsiri.

Gari lilipopinda kona nililia. Nililia mpaka nikakaa sakafuni karibu na cherehani, kwa sauti, kama mtoto, majirani wakasikia na wasikie. Kwa Idi, nadhani. Na kwa fundo lile.

Jumatatu, 22 Septemba

Sina eda. Naweza kwenda popote. Sikwenda popote.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimetoka leo. Nimetembea mpaka barabara ya Nyamirambo na kurudi, bila sababu. Jua baada ya mvua. Watu wachache walinisalimia Mwalimu, wengine walijitia kutazama simu. Asha alikuwa dukani kwake. Tulionana. Hakunyanyua mkono, lakini hakugeuka pia.

Nimerudi, nimefunua cherehani nikaifuta vumbi na kitambaa chenye mafuta, namna alivyokuwa akifanya. Sijui kushona. Nimeiacha wazi tu.

Nimepika ndizi na maharage. Kwa mazoea nimepika sufuria ya watu wawili. Nimeifunika. Sikuwa na hamu.

Saa kumi na moja simu ikalia, namba ya Hamisi. Nikasita. Ilikuwa sauti yake kwanza, salamu fupi, kisha akasema subiri, na nikasikia mtu anavuta pumzi karibu sana na simu, kama hajui inashikwaje.

Mama hakusalimia. Hakusema amenisamehe. Hakusema anarudi. Nyuma yake kulikuwa na kelele za magari na televisheni ya mtu. Nilingoja, sikujaza kile kimya.

"Umekula?"

Nikasema bado.

"Kula," akasema. Simu ikakatika.

Nimepakua. Nimekaa mezani, si dirishani. Maharage yalihitaji chumvi, nikainuka nikaleta chumvi, nikala sahani yote.